Majeraha ya zamani ya michezo yamegoma kupona, kuna aliyejaribu tiba ya kukandwa kwa mikono?

Winga wa Kushoto

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana hapa nilipofika nimechoka kweli. Nacheza mpira wa ridhaa na siku zisizo za mpira nakimbia, sasa nina shida mbili za muda mrefu. Ya kwanza ni nyuma ya paja la kulia, ila maumivu yenyewe yako juu kabisa, pale kwenye mfupa wa kukalia. Nikikaa kwenye kiti kigumu panawaka, nikiamka nikatembea panapoa, nikianza kukimbia panauma mwanzoni alafu nikishapata joto panapotea, kesho yake asubuhi ndo nakuta pamekaza kuliko jana. Kufyatuka mbio za kasi ndo kabisaa siwezi.

Ya pili ni kifundo cha mguu wa kushoto. Niliteguka zamani, uvimbe ukaisha, lakini mpaka leo nikichuchumaa kisigino cha huo mguu kinanyanyuka mapema kuliko mwenzake, na nikikanyaga pasipo sawa kinataka kupinda tena.

Nimepumzika, nikapata nafuu, nikarudi uwanjani, maumivu nayo yakarudi. Dawa za maumivu hivyo hivyo, barafu hivyo hivyo. Kunyoosha ndo nafanya sana, kila siku nainama nagusa vidole vya miguu na kukaa hapo. Daktari alinipima akasema hakuna kilichokatika wala mfupa uliovunjika, akaniambia nipunguze michezo, basi.

Sasa mwenzangu wa timu ananisisitiza nitafute mtu wa Rolfing, anasema ni sesheni 10, wanaachanisha fasia (ule utando unaofunika misuli) iliyogandana na mwili mzima unakaa kwenye mstari. Mwingine ananiambia osteopathi, ile ya kurekebisha viungo na misuli kwa mikono, mwingine anasema masaji ya kina ya kawaida inatosha. Hivi kwa jeraha la zamani namna hii inasaidia kweli? Inauma kiasi gani? Na nitajuaje kama natibiwa au naharibiwa zaidi?

Mbio Ndefu

Pole sana mkuu, hiyo ya kupona nusu nusu naijua inavyokatisha tamaa.

Mimi nimepitia Rolfing mpaka mwisho wa zile 10. Kwa wasioifahamu, ilianzishwa na mama mmoja wa Marekani, Ida Rolf, aliyezaliwa 1896 na kupata shahada ya udaktari ya biokemia chuo cha Columbia mwaka 1920. Yeye wazo lake lilikuwa kwamba misuli na fasia ikikaa vibaya mwili unapoteza mpangilio wake dhidi ya mvutano wa dunia, kwahiyo ukiipanga upya viungo vinafanya kazi kwa wepesi. Zile sesheni zina mpangilio wake, za mwanzo ni tabaka la juu na pumzi, za katikati wanaingia ndani kwenye kinena, tumbo, nyonga, shingo, za mwisho ni kuunganisha mwili wote.

Ukifika unavua unabaki na kaptula, anakuangalia umesimama, anakwambia tembea nenda rudi, anaangalia nyonga inazungukaje na mguu unatua vipi. Alafu unalala. Tofauti kubwa na masaji ni spidi, yaani hakusugui haraka haraka na hamna mafuta mengi, anaweka kiwiko au kigasha juu ya msuli, anaegemea taratibu, anasubiri. Kuna siku alikuwa na kiwiko kwenye shavu la mguu akaniambia vuta vidole vya mguu juu taratibu, sasa shusha, vuta tena, na mimi nasikia ule msuli unapita chini ya kiwiko chake sentimita kwa sentimita, kuna sehemu panachoma kama moto alafu ghafla panalegea. Inauma ndiyo, hasa pembeni ya paja na ndani ya nyonga, lakini kwa mtu mzuri ni maumivu unayoweza kupumua nayo. Ukianza kukunja ngumi na kubana meno ujue amezidisha.

Faida niliyopata mimi: nyonga ilifunguka, pumzi ikawa nyepesi, na nikajua wapi mwilini nilikuwa nakaza bila sababu, hilo tu kwangu lilikuwa na thamani kubwa. Lakini nilikuwa na kano ya kisigino iliyokuwa inauma kila asubuhi, hiyo haikupona kwa kukandwa. Ilikuwa inatulia baada ya sesheni, siku mbili tatu ipo pale pale. Kilichoimaliza ni mazoezi ya kushusha kisigino taratibu kwenye ngazi. Kwahiyo ukiniuliza mimi nakwambia nenda, ila usiende ukitegemea mikono ya mtu itaimarisha kano yako.

Fizio Uwanjani

Mkuu Winga, mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, kazi yangu ni wanamichezo. Siwezi kukupima kwa maandishi ila ulivyoeleza umeeleza vizuri mno, nitaenda nayo.

Maumivu ya juu kwenye mfupa wa kukalia, yanayozidi ukikaa, yanayopungua ukipata joto na kukaza kesho yake asubuhi, hayo ni maelezo ya kano ya hamstringi (misuli ya nyuma ya paja) pale inaposhika mfupa. Sio msuli uliochanika katikati ya paja. Hili ni muhimu sana kwasababu kano hiyo haipendi kubanwa, na unapoinama kugusa vidole unaivuta na kuigandamiza kwenye ule mfupa kwa wakati mmoja. Ndo maana watu wengi wenye shida hii wananyoosha kila siku na kila siku wanazidi kuuma. Naomba hiyo ya kuinama uiache kwa sasa kabla hata hujaamua utakandwa na nani. Kwenye kiti weka mto laini, na usikae muda mrefu mfululizo.

Tukija kwenye swali la mikono. Tiba hizi zina historia ndefu na majina mengi. Osteopathi ilianzishwa na Andrew Taylor Still, shule yake ya kwanza ilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Kayropraktiki, ile ya kurekebisha uti wa mgongo kwa mikono, ikaanza 1895 na D.D. Palmer. Uingereza kulikuwa na Dk. James Cyriax wa hospitali ya St Thomas', yeye ndo aliyeeneza ule msuguano wa kusugua kano kwa upana wake ambao mafizio wengi bado tunaujua. Kila shule ina maelezo yake kwanini mkono unasaidia, na maelezo mengi kati ya hayo hayajasimama vizuri yalipopimwa.

Mfano hilo la kuachanisha fasia. Mwaka 2008 kulichapishwa hesabu za nguvu inayotakiwa kubadilisha umbo la fasia, ikaonekana kwa ile ngumu ya pembeni ya paja na ya chini ya unyayo, nguvu inayotakiwa hata kwa badiliko la asilimia 1 iko nje ya uwezo wa kawaida wa mkono wa binadamu. Kwahiyo mtu akikwambia amekuvunjia fasia yako iliyoganda, mwili wako haukufanya hivyo. Ila nafuu uliyoisikia ni ya kweli kabisa! Kinachoonekana zaidi ni kwamba mguso na mgandamizo unazungumza na mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vinapunguza ulinzi, msuli unaacha kukaza, maumivu yanashuka, kiungo kinakwenda mbali zaidi. Tatizo ni kwamba badiliko hilo ni la muda, mara nyingi masaa au siku chache.

Sasa hapo ndo pa kushika. Hizo siku chache ambazo hauumi sana ndo za kuipa kano kazi. Kano inaimarika ikibebeshwa uzito kidogo kidogo kwa miezi, sio wiki moja. Mbio Ndefu kataja ngazi, hiyo njia ilipata umaarufu kwa utafiti wa Alfredson na wenzake wa Sweden mwaka 1998, seti 3 za marudio 15, goti likiwa limenyooka alafu tena likiwa limekunjwa, mara 2 kwa siku kwa wiki 12. Hiyo ni ya kisigino, kwako itakuwa tofauti: unaanza kulala chali umekunja magoti na kunyanyua makalio, unashikilia juu bila kusogea, baadae mguu mmoja, baadae unaongeza uzito, na zile za kuinama ukiwa umebeba chuma zinakuja mwishoni maana ndo zinaigandamiza kano. Mbio za kasi ni za mwisho kabisa.

Kwa kifundo nina matumaini zaidi na mikono. Kisigino kunyanyuka mapema kunaonyesha kifundo hakikunji vya kutosha kwenda mbele, na hapo kusukumwa kiungo kwa mikono na mtu anayejua kunaongeza ule mkunjo. Jipime: simama mbele ya ukuta, weka kidole gumba cha mguu mbali na ukuta, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, rudi nyuma mpaka mwisho wa uwezo, pima sentimita. Linganisha na mguu mwingine. Pima kabla ya kukandwa, baada ya kukandwa, na kesho yake. Namba hiyo itakwambia ukweli kuliko maneno ya yeyote. Hilo la kutaka kupinda tena ni suala la usawa, simama mguu mmoja, kwanza macho wazi kisha ukiwa unarusha na kudaka mpira. Mazoezi ya usawa yanapunguza kuteguka tena, hilo limethibitishwa vizuri kabisa.

Kipa Mstaafu

Naheshimu maelezo ya fizio lakini mimi bega langu lilipona kwa mikono tu, sikunyanyua chuma chochote. Lilikuwa halipandi juu ya sikio, mzee mmoja akalikanda kwa wiki kadhaa likapanda. Tusiwatishe watu kwa utafiti mwingi, kuna vitu mikono inajua.

Fizio Uwanjani

@Kipa Mstaafu mkuu sikatai hata kidogo, na nafurahi bega lilirudi. Kuna shida ambazo kiini chake ni kukaza na kujilinda tu, nyama yenyewe ni nzima, hizo mikono inaweza kumaliza mchezo. Na kuna zinazotulia zenyewe kwa muda, ukikandwa katika kipindi hicho unafika salama ukiwa na faraja. Ila kano iliyodhoofika ni habari nyingine, hiyo inatakiwa kujengwa na hakuna anayeweza kuijenga kwa niaba yako.

Mikono Miwili

Kaka Winga mimi ni mchuaji, nafanya masaji ya michezo, wacha nikupe upande wa mtu anayekanda.

Kwanza mtu makini atakuhoji kabla hajakugusa. Umeumia lini, unatumia dawa gani, una presha, una kisukari, umewahi kupata damu kuganda, umefanyiwa upasuaji. Asiyekuuliza chochote akakwambia lala, ondoka. Kuna vitu sisi hatutakiwi kuvigusa: shavu la mguu lililovimba upande mmoja, lina joto na linauma bila sababu, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, huyo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo sio kukandwa. Mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu hatumkandi kwa nguvu. Paja lililopigwa goti au teke na kuvilia damu ndani halikandwi siku za mwanzo, ukilisugua kwa nguvu damu ile inaweza kugeuka kuwa mfupa ndani ya msuli, nimeliona hilo kwa mchezaji na ni mateso ya miezi. Ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ukiwa na maumivu ya mgongo, hiyo ni dharura kabisa. Maumivu ya usiku yasiyobadilika hata ukilala vipi, homa, kupungua uzito bila kujua kwanini, muone daktari kwanza. Na kama ukibonyeza mfupa kwa kidole kimoja kuna nukta moja inakufanya uruke, hasa kwa wakimbiaji kwenye ugoko au unyayo, hiyo inaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Pili nguvu. Wanamichezo wengi mnakuja mnataka kuumizwa, mnaamini isipouma haijafanya kazi. Mimi naweka kipimo cha 0 mpaka 10 na sipendi mtu avuke 6. Ukivuka hapo msuli unakaza kujilinda na mimi nakuwa napigana nao, kazi yote inaenda bure. Maumivu ya kesho yake kama ya mtu aliyefanya mazoezi ni kawaida, siku moja au mbili yanaisha. Michubuko na kuvilia kila ukitoka kwa mtu sio dalili ya kazi nzuri hata siku moja.

Kwa wewe namwomba yeyote atakayekukanda asichimbe kiwiko pale pale kwenye mfupa wa kukalia, pameshagandamizwa vya kutosha. Afanye kazi kwenye makalio, katikati ya paja, na shavu la mguu. Mwambie hivyo mwanzoni, ni haki yako. Pia ni haki yako kusema simama muda wowote, kubaki na nguo unazoona zinakufaa, na kuelezwa kabla ya mkono kwenda kinena au karibu na sehemu za siri. Anayekasirika ukisema hivyo hafai.

Lingine dogo, ukiambiwa masaji inatoa sumu au inaondoa asidi ya laktiki usilipie kwa ajili hiyo. Laktiki mwili wenyewe unaiondoa ndani ya kama saa moja baada ya mazoezi.

Mbio Ndefu

Naunga mkono la dada Mikono Miwili kuhusu kuhojiwa kwanza. Na niongeze: usilipie sesheni zote 10 kwa mkupuo. Fanya za mwanzo, angalia.

Winga wa Kushoto

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Nimejipima kwenye ukuta leo, mguu wa kulia goti linagusa nikiwa mbali vizuri tu, wa kushoto umekwama mapema sana, tofauti ni kubwa kuliko nilivyodhani. Na kuinama nimeacha.

Sasa mpango wangu: nitafute kwanza fizio anipime hiyo kano, kifundo kisukumwe kwa mikono alafu pale pale nifanye mazoezi ya kukunja na usawa. Rolfing nitaijaribu sesheni chache kwa ajili ya nyonga maana Mbio Ndefu umenishawishi, ila nimuambie aiache ile sehemu ya juu ya paja. Dada Mikono Miwili, wewe ungependa nikandwe siku gani, kabla ya mazoezi au baada? Na fizio, nikianza yale mazoezi ya kunyanyua makalio yakiuma niache au niendelee? Na nitarudi lini kufyatuka mbio?

Mikono Miwili

Kaka, masaji ya kina usiifanye siku ya mechi wala siku moja kabla, miguu inakuwa mizito na haijibu haraka. Iweke siku ambayo kesho yake huna kazi ngumu. Kusukuma kifundo ni tofauti, hiyo inafaa kabisa muda mfupi kabla ya mazoezi ili uutumie ule mkunjo ukiwa bado upo.

Fizio Uwanjani

Mpango mzuri mkuu. Kuhusu maumivu, ukiwa unafanya zoezi yakifika 3 au 4 kati ya 10 endelea, hayaharibu kitu. Cha kuangalia zaidi ni kesho asubuhi. Chagua kipimo kimoja ambacho utakirudia kila asubuhi kwa namna ile ile, mfano kulala chali, kisigino kwenye kiti, mguu mmoja, unanyanyua makalio mara moja. Kama maumivu ni yale yale ya jana au pungufu, uzito ulikuwa sahihi. Kama yamepanda na hayajashuka ndani ya siku nzima, punguza uzito au marudio, lakini usiache kabisa, kuacha kabisa ndo kunakurudisha mwanzo kila mara. Na jitahidi siku za mazoezi mazito zisifuatane, kano inahitaji muda kati yake.

Mbio za kasi sikupi tarehe. Kabla hujazianza, kwanza uwe unaweza kukaa safari ndefu bila kuwaka, nguvu ya mguu wa kulia iwe karibu sawa na wa kushoto, na uwe umeshakimbia kwa mwendo wa kati bila kipimo chako cha asubuhi kupanda. Hapo unaanza na mita chache za kuongeza kasi kidogo kidogo, sio kufyatuka kutoka kusimama, na kilima kidogo cha kupanda kinaweza kuwa rafiki zaidi mwanzoni maana hatua inakuwa fupi na hujifungui mwili wote. Kwa kano za hapo kutegemea miezi mitatu mpaka sita ni jambo la kawaida kwahiyo wiki ya pili ukiona bado inauma usikate tamaa ukabadilisha tiba.

Ukishapimwa rudi hapa utuambie ile tofauti ya kifundo imepungua sentimita ngapi.